Nani Anashika Ufunguo? Historia Fupi ya Soba Hausi

Kiswahili cha mtaani kina neno lake: soba hausi. Kiswahili cha serikali kina lake: nyumba ya upataji nafuu. Mimi nalipenda zaidi hili la pili, ingawa ni refu na linanukia ofisi, kwa sababu ya neno moja lililomo ndani yake. Nafuu. Hatukusema nyumba ya kupona. Mgonjwa aliyepata nafuu anakaa kitandani, anakunywa uji, anaongea na wageni, lakini hakuna anayemwambia achukue jembe kesho asubuhi. Bado anahitaji siku. Na kwa mtu aliyeacha unga au pombe, siku hizo ni nyingi kuliko familia nyingi zinavyodhani.

Kuacha kwa wiki mbili, waraibu wengi wamewahi kuweza. Arosto inapita, mwili unatulia, hamu ya kula inarudi. Shida inaanza pale mtu anapotoka getini na begi lake. Anarudi wapi? Chumba kilekile, mtaa uleule, kijiwe kilekile chenye marafiki wanaomwita jina lake la zamani. Na hapa kuna hatari ambayo watu wengi hawaijui: mwili uliokaa bila heroini kwa wiki kadhaa hauwezi tena kubeba kipimo cha zamani. Anayerudia kwa kipimo kilekile anaweza kufa usiku huohuo. Kwa hiyo swali la pa kulala baada ya matibabu ni swali la uhai.

Nimekuwa nikisoma historia ya nyumba hizi, nyingi zikiwa na asili ya Marekani, na kuna jambo moja naliona likijirudia kila kizazi. Watu wanakubaliana haraka kwamba mraibu anahitaji nyumba. Wanachogombana ni nyumba hiyo iwe ya nani, na nani ashike ufunguo. Nyumba inayofaa na nyumba inayoharibu watu zinaweza kufanana kwa nje: vitanda vilevile, ratiba ileile ukutani, sala ileile asubuhi. Tofauti iko kwenye ufunguo.

Walevi sita wa Baltimore

Mwezi Aprili 1840, marafiki sita waliokuwa wakinywa pamoja kwenye baa moja mjini Baltimore walikubaliana kuacha pombe. Wakaanzisha chama, wakakipa jina la rais wa kwanza wa Marekani, George Washington. Silaha yao ilikuwa simulizi. Badala ya mchungaji kumhubiria mlevi, mlevi aliyeacha alisimama mbele ya walevi wenzake akaeleza maisha yake mwenyewe. Chama kilivuma kama moto wa nyasi, na kama moto wa nyasi kikazimika. Kabla miaka ya 1840 haijaisha, kilikuwa kimebaki jina tu.

Lakini jina hilo likahamia kwenye nyumba. Boston mwaka 1857, kisha Chicago mwaka 1863, zilifunguliwa nyumba za kupokea walevi zikiitwa Washingtonian Home. Mantiki yake ni nyepesi kueleweka. Mtu anaweza kuweka ahadi mkutanoni saa mbili usiku, machozi yakimtoka, na kila mtu akampigia makofi. Saa tatu yuko barabarani. Ahadi haina paa.

Karibu miaka 80 baadaye, mwaka 1935, mjini Akron, Ohio, walikutana Bill Wilson, mtu wa soko la hisa, na Dkt. Bob Smith, daktari wa upasuaji. Wote wawili walikuwa wamezama kwenye pombe. Kutokana na mazungumzo yao kikazaliwa Alcoholics Anonymous, chama cha hatua 12 ambacho leo kinajulikana dunia nzima. AA ilikuwa na mikutano, haikuwa na nyumba. Hata hivyo iliacha kanuni mbili ambazo baadaye zingejenga nyumba nyingi: kila kikundi kijitegemee kwa michango ya wanachama wake chenyewe, na viongozi wake wawe watumishi, wasiwe watawala.

Nyumba zilizofuata hazikuzingatia kanuni hizo zote.

Nyumba ya mtu mmoja

Mwaka 1958 huko Santa Monica, California, Charles Dederich, mlevi aliyeachia pombe ndani ya AA, alianza kukusanya waraibu wa heroini nyumbani kwake. Simulizi ya chama chake inasema alianza na hundi ya dola 33 aliyolipwa kama mtu asiye na kazi. Wakati ule wataalamu wengi walikuwa wamekata tamaa na mraibu wa heroini. Dederich akawaonyesha watu walioacha, wanaofagia, wanaopika, wanaofanya kazi. Nyumba hiyo ikaitwa Synanon. Magazeti yakaandika, wanasiasa wakaja kutembelea, mahakimu wakapeleka watu.

Kiini chake kilikuwa kikao walichokiita Mchezo, ambapo watu waliketi duara na kushambuliana kwa maneno makali bila kizuizi. Wapo waliosema kiliwaokoa. Lakini angalia muundo: mwenye nyumba mmoja, neno lake mwisho. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960, Synanon iliacha wazo la mtu kuhitimu na kuondoka. Ukiingia, umeingia maisha yako yote. Miaka ya 1970 ikajitangaza kuwa dini. Wanaume wakashinikizwa kufungwa uzazi, wanandoa wakaamriwa kuachana na kupewa wenzi wapya. Mwezi Oktoba 1978, wakili Paul Morantz, aliyekuwa ameishinda Synanon mahakamani, alitia mkono kwenye sanduku lake la barua akaumwa na nyoka mwenye sumu aliyewekwa humo na watu wa Synanon. Polisi walipomkamata Dederich mwezi Desemba mwaka huohuo, walimkuta amelewa.

Wengi husimulia kisa hiki kama kisa cha mwendawazimu mmoja. Sidhani. Mtu aliyetoka kwenye uraibu ana deni kubwa la shukrani kwa aliyemfungulia mlango, na familia yake pia. Ukiliweka deni hilo lote mikononi mwa mtu mmoja asiyeulizwa, asiyechaguliwa, asiyeonyesha hesabu, umemjaribu kuliko binadamu anavyopaswa kujaribiwa. Hata kama alianza na moyo mweupe.

Wanaume 13 na nyumba ya kupanga

Sasa twende Silver Spring, Maryland, karibu na Washington DC, mwaka 1975. Kulikuwa na nyumba ya mpito kwa watu wanaoacha pombe, ikiendeshwa kwa fedha za serikali ya kaunti. Ilikuwa na wasimamizi, sheria, na ukomo: miezi 6, basi, upishe mwingine. Mmoja wa wakazi wake alikuwa J. Paul Molloy, mwanasheria aliyewahi kufanya kazi kwenye Bunge la Marekani kabla pombe haijamvua kazi na familia. Waliokuwa ndani waliona jambo la kutisha. Kwa maelezo yao wenyewe, kati ya watu 13 walioondolewa kwa sababu muda wao umekwisha, 12 walirudia kunywa ndani ya siku 30.

Halafu kaunti ikatangaza kwamba haina fedha, nyumba inafungwa.

Wanaume 13 waliokuwa wamebaki wakafanya kitu ambacho kwetu Uswahilini hakishangazi hata kidogo: wakaipanga nyumba wenyewe. Ilikuwa kama nyumba zetu za kupanga, zile za vyumba sita na korido katikati, ambapo kila mpangaji anachangia LUKU na maji, zamu ya kufagia uani inajulikana, na mwenye fujo anaitiwa kikao. Waliiita Oxford House, kwa kukumbuka kundi la kidini la Oxford Group lililowaathiri waanzilishi wa AA.

Sheria zao zilikuwa chache. Nyumba inaendeshwa kwa kura, na viongozi wanachaguliwa kwa miezi 6 tu ili asipatikane wa kuzoea kiti. Kila mtu analipa sehemu yake sawa ya gharama. Atakayetumia pombe au dawa anaondoka mara moja. Mgeni anapotaka kuingia, wakazi wanamhoji na kumpigia kura, na anahitaji kukubaliwa na asilimia 80. Hakuna msimamizi wa kuajiriwa. Na hakuna ukomo wa muda. Unakaa hadi ujione uko tayari, mradi unalipa na hutumii.

Ile ya mwisho ndiyo iliyopindua mambo. Nyumba ya serikali ilikuwa inahesabu siku za bajeti. Hawa walihesabu siku za mtu. Ndani ya miezi michache walikuwa na akiba kwenye mfuko wa nyumba, na badala ya kupunguziana kodi wakaitumia kufungua nyumba ya pili. Molloy alifariki mwaka 2022. Kufikia wakati huo nyumba hizo zilikuwa zimepita 3,000.

Familia ni watu wangapi?

Zilifikaje huko? Sehemu ya jibu ni ya kishujaa, sehemu nyingine ni ya kodi ya kwanza. Mwaka 1988 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kubwa ya dawa za kulevya, na ndani yake kikawekwa kifungu kidogo: kila jimbo litenge mfuko wa kuzunguka wa angalau dola 100,000, wa kukopesha vikundi vya watu wanaopata nafuu wanaotaka kupanga nyumba pamoja. Mkopo usizidi dola 4,000, urudishwe ndani ya miaka 2. Masharti yalikuwa yaleyale ya wanaume wa Silver Spring: hakuna kutumia, anayetumia anaondoka, gharama zinalipwa na wakazi, maamuzi kwa kura.

Kiasi hicho hakijengi kituo. Kinafungua mlango tu. Na mtu yeyote aliyewahi kutafuta chumba Dar es Salaam anaelewa mara moja. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6, wengine ya mwaka mzima, mkononi, kabla hujaingiza godoro. Watu sita waliotoka kwenye unga miezi mitatu iliyopita wanaweza kabisa kulipa kodi ya kila mwezi kwa vibarua vyao. Ile ya kuanzia hawana.

Kisha majirani wakaja juu. Mji wa Edmonds, jimbo la Washington, ulikuwa na sheria kwamba nyumba za eneo fulani ni za familia. Na familia ikafafanuliwa: ndugu wa damu au wa ndoa, hata wawe 20, ni familia; wasio ndugu, mwisho watano. Nyumba ya Oxford iliyokuwa pale ilikuwa na wakazi zaidi ya watano. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 15 Mei 1995, kwa kura 6 dhidi ya 3, mahakama ikasema sheria ya namna hiyo haiwezi kukwepa sheria ya haki ya makazi, ambayo inamlinda mtu anayepata nafuu kutoka kwenye uraibu kama inavyomlinda mwenye ulemavu. Hukumu iliandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg.

Naipenda kesi hii kwa sababu imebeba swali ambalo kila soba hausi inalijibu kimyakimya. Familia ni nani? Mama aliyeuziwa sufuria zote na mwanawe anampenda bado, lakini hawezi kumsikia anapodanganya kuhusu nauli. Mwenzake wa chumba anasikia mara moja, maana uongo huo aliutumia yeye mwenyewe mwaka jana.

Ushahidi, halafu wezi

Je, inafanya kazi kweli? Mtafiti Leonard Jason na wenzake wa Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, waliwachukua watu 150 waliomaliza matibabu huko Illinois, wakawagawa kwa kura ya bahati: 75 wakaenda kwenye nyumba za Oxford, 75 wakaendelea na huduma za kawaida za baada ya matibabu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Baada ya miaka 2, waliokuwa wanatumia tena kwenye kundi la nyumba walikuwa asilimia 31. Kwenye kundi lingine asilimia 65. Kipato cha mwezi kilikuwa wastani wa dola 989 dhidi ya 440. Waliokuwa gerezani, asilimia 3 dhidi ya 9.

Ndani ya nyumba hizo hakukuwa na daktari wala mshauri wa kulipwa. Kilichokuwepo ni muda, kazi ya kufanya asubuhi, bili ya kulipa mwisho wa mwezi, na watu wanaojua ukichelewa kurudi. Kazi ya nyumba ni ndogo ndogo na ya kila siku: inabadilisha watu unaokula nao. Kura nayo ina kazi yake. Kwa mtu ambaye kwa miaka kumi hakuna aliyemwachia hata simu mezani, siku anapochaguliwa kuwa mtunza hazina wa nyumba ni siku kubwa.

Lakini tusidanganyane. Sheria ya kufukuza ni kali. Anayeteleza saa nne usiku anatoka saa nne usiku, na huo ndio usiku ambao hatari ya kufa ni kubwa. Nyumba zenye busara humtafutia kwanza pa kwenda. Pia mtu mwenye ugonjwa mzito wa akili anahitaji zaidi ya kikao cha wakazi.

Na Marekani yenyewe ikaonyesha upande mwingine wa sarafu. Sheria za 2008 na 2010 ziliifanya bima ya afya ilipie matibabu ya uraibu kwa upana zaidi. Jambo jema. Lakini kusini mwa Florida, hasa maeneo ya Delray Beach, wajanja walinusa pesa. Wakafungua nyumba, wakawalaza vijana bure au kwa bei ya kutupwa, kisha wakawauza kwa kliniki zilizokuwa zinaitoza bima maelfu ya dola kwa vipimo vya mkojo. Kijana akiacha kweli, biashara inaisha. Akirudia, anaanza matibabu upya na bima inalipa upya. Wapo wamiliki walioishia gerezani, na wapo vijana wengi waliofia kwenye mzunguko huo. Mabango ya nyumba zile yalikuwa na maneno mazuri kuliko ya Silver Spring. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu aliyefaidika na kurudia kwao.

Pwani yetu

Heroini iliingia pwani ya Afrika Mashariki miaka ya 1980, ikafuata bandari na miji ya kitalii. Katikati ya miaka ya 1990, Malindi, Kenya, likazaliwa shirika la Omari Project kuwahudumia watumiaji. Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 2000, watu waliokuwa wameacha wenyewe wakaanza kufungua soba hausi, wakisaidiwa na wenzao waliopata nafuu kutoka mji wa Detroit, Marekani, kiasi kwamba moja ya nyumba hizo ikabeba jina la Detroit. Kutoka Unguja mtindo ukavuka hadi bara. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili ikaanza kutoa methadoni, na leo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inazihesabu nyumba za upataji nafuu kama sehemu ya kazi ya taifa.

Mwanzo wetu, kwa hiyo, ulikuwa mzuri: walioacha wakiwafungulia mlango wanaotaka kuacha. Lakini mambo mawili yanatutofautisha na Silver Spring, na yote yanahusu ufunguo.

La kwanza, kwetu mara nyingi anayelipa ni ndugu. Baba anauza kiwanja, dada anatuma kwa simu kila mwisho wa mwezi. Anayelipa ndiye anayesikilizwa, na mkazi anabaki kuwa mzigo unaotunzwa. Miezi minne ikiisha au pesa ikikata, anarudi kijiweni akiwa hajawahi kulipa bili hata moja kwa jasho lake. Tuna vituo vya kuingia. Nyumba ya hatua ya pili, ya watu wanaofanya kazi na kujilipia, ndiyo inayokosekana. Halmashauri zetu zina mikopo ya asilimia 10 isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, iliyolengwa kwenye miradi ya kipato. Kikundi cha vijana sita waliopata nafuu, wenye vibarua, kukopeshwa kodi ya miezi 6 na kuirudisha kwa awamu si ndoto ya ajabu. Wamarekani walilifanya hilo mwaka 1988 na halikuwafilisi.

La pili ni nani anaachwa nje. Nyumba za wanawake ni chache mno, wakati mwanamke anayetumia ndiye anayefungiwa milango mapema zaidi, kuanzia kwao. Na anayetumia methadoni mara nyingi hana nyumba ya kumpokea, kwa kuwa nyumba nyingi za hatua 12 zinahesabu "kuwa safi" kama kutotumia chochote. Anakunywa dawa yake kliniki asubuhi, jioni analala kijiweni. Sioni mantiki ya kumwokoa mtu nusu siku.

Kwa mzazi au ndugu anayetafuta soba hausi wiki hii, historia hii inatoa maswali ya kuuliza getini kabla ya kutoa pesa. Hesabu za nyumba nani anaziona? Wakazi wana kikao ambacho kinaweza kubadilisha kitu, au wanaitikia tu? Naweza kuongea na mwanangu bila msimamizi kusimama pembeni? Akiteleza usiku, mtamfanyia nini usiku huo? Na siku akimaliza, anatoka kwenda wapi?

Mwenye nyumba nzuri atayajibu bila kukasirika. Swali la mwisho huenda akakosa jibu lake, na hapo kosa si lake peke yake.